Maji Yaliyojaa Miguuni mwa Somoe

Mikindani, Ijumaa, masika ya 1973

Mvua tangu alfajiri. Samaki hawakuanikika, na nina hasira ambayo hata swala ya Ijumaa haikuiondoa. Nilisujudu huku nagombana moyoni.

Binti yangu Somoe, miaka miwili, yuko wodini Mtwara na mama yake. Juzijuzi tu nilikuwa nambeba barazani watu wamwone. "Mashavu hayo! Baba Somoe, unamlisha nini?" Nami nacheka, najiona baba.

Hakuwa amenenepa. Alikuwa amejaa maji.

Jana nesi alimbonyeza mguuni kwa dole gumba. Alipoliondoa, shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Mzee, kazi yako nini?"

"Nauza samaki."

"Na huyu, tangu aachishwe ziwa, anakula nini?"

"Ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki."

"Na samaki mwenyewe anamla nani?"

Nikalitazama lile shimo mguuni.

Akanieleza polepole. Mwilini kuna mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Moyo ukisukuma, maji huvuja kwenye kuta za mishipa hiyo, yakailisha nyama. Kisha mengi yanatakiwa kurudi mishipani, na kinachoyavuta ni nguvu ambayo damu huipata kwa samaki, mayai, maharage. Ikipungua, maji hutoka yakabaki huko nje. Ndipo mtoto anavimba huku anakufa njaa.

Kwetu husemwa samaki humtia mtoto minyoo. Mama yangu alisema, nami nikaitikia upesi, maana minofu yote ilibaki sahanini mwangu. Tangu jana nawalaani majirani, namlaani nesi, nusura nimtolee mama maneno. Bure tu. Mke wangu aliniambia mara mbili, "Mwachie mtoto kipande." Mara ya pili nilimfokea mbele ya mama.

Samaki nilimla mimi.

Leo mchana mama kaniletea samaki changu mzima. Nimemrudisha samaki huyo jikoni. Mama kauliza kama manesi wameniloga.

Nesi hakuniahidi kitu. Wanampa maziwa kidogo kidogo, wanangoja akojoe sana. Hapo ndipo watajua maji yameanza kurudi. Ee Mola, sijawahi kukuomba mkojo. Leo nakuomba.

Asubuhi naenda wodini. Kabla sijauliza habari ya mtoto, nitamwomba mama yake radhi, kwa sauti ileile niliyomfokea nayo, wodi nzima isikie.