Kulungu Tuliyemkosa

Baba yangu,

Amani na rehema zikufikie hapo ulipolala. Nakuandikia kutoka Hail, chumba cha mbele, baada ya sala ya alasiri. Mama amejinyoosha kidogo na nyumba imenyamaza. Leo nimelifungua kabati lako. Masweta yako ya Uskochi yamekaa humo miaka miwili na naftalini, na Mama kataka niyatoe yapigwe na jua. Nimelitoa lile la kijani nikalitia usoni. Bado lina harufu, Baba. Moshi wa kuni na majani mabichi. Nje joto la Maskati linachoma vigae, na mimi nimekaa chini, sweta la sufi mapajani, najihisi nimeingia kwenye ukungu wa kule na siioni njia ya kutokea.

Ndipo nikaona nikuandikie. Yako mambo yaliyotokea nyuma yako, na liko neno moja ulilokuwa ukilingoja kwangu ambalo sikukupa.

Ulipoanza kwenda kule nilikuwa na miaka kumi na sita. Bwana Angasi, yule mhandisi wa visima mliyefanya kazi pamoja miaka mingi, alimaliza mkataba wake akarudi kwao Uskochi, kwenye milima ambayo baba yake na babu yake waliwaongoza watu kuwinda kulungu. Na yeye akaishika kazi hiyo hiyo. Akakualika, ukaenda, na tangu hapo kila mwezi wa kumi ukawa na wiki yako moja. Ulirudi umebabuka pua kwa baridi na ukatueleza: kulungu dume ni mwekundu kama udongo wa shamba, pembe zake zimetawanyika kama mti uliokauka, na wakati huo wa mwaka madume hunguruma mabondeni wakitafuta majike. Kumpiga si kazi, ulisema. Kazi ni kumfikia. Na Bwana Angasi, ulitwambia, alijifunza kungoja mpaka midomo yako imalize Bismillahi ndipo atazame shabaha.

Nnakumbuka ulivyotufundisha kunyatia kwenye zulia la majlis, mimi na Kaka. Sanduku la karatasi za kufutia mikono ndiyo lilikuwa kulungu. Upepo ulitoka kwenye kiyoyozi, kwa hiyo tulilazimika kuzunguka nyuma ya makochi, tumbo chini, viwiko mbele, ili mnyama asitunuse. Wewe, mtu mzima na kanzu yako, ulitambaa mbele yetu. Mama alipita na sinia ya kahawa akaturuka bila ya kuuliza kitu.

Kisha ukaja mwaka wa barua ya chuo. Nilikuwa nimekubaliwa kwenda Glasgow kusomea dawa. Uliisoma umesimama, ukaikunja vizuri, ukasema mtoto wa kike haachwi peke yake katika nchi ya baridi. Basi. Mwezi wa kumi ulipofika ulitia masweta yako katika sanduku ukaenda nchi hiyo hiyo. Nilikubebea sanduku mpaka kwenye gari. Nikakwambia safari njema.

Tangu siku ile nilikujibu naam, nilikujibu inshaallah, nilikutilia chai, lakini mlango mmoja ndani yangu nilikuwa nimeufunga. Nilisoma hapa hapa, nikapata kazi katika duka la dawa la Wattaya. Tukala sahani moja miaka minane, Baba, na sijui kama ulijua.

Daktari alipogundua ule ugonjwa wa moyo, Mama alisema huendi tena peke yako. Kaka alikuwa na mtoto mchanga. Nikachukua ruhusa kazini nikufuate mimi, na nakwambia kweli, nilikubali kwa ajili ya Mama.

Milima yetu ya hapa inaonyesha mifupa yake. Ile ya kule ni laini na imerowa, kama ardhi ambayo haijapata kukauka tangu iumbwe. Vichaka vya rangi ya zambarau vilitufika magotini, na chini yake udongo mweusi ulifyonza kila hatua. Bwana Angasi mbele, wewe kati, mimi nyuma na chupa ya chai. Ukungu ulikuja ukatufunika kila mmoja peke yake, ukaondoka, ukarudi, mpaka nikawa sina hakika kama natembea au naota kwamba natembea. Ulipotawanyika mara moja nikaona umekibana kifua kwa mkono. Nikasema buti zinaniuma. Tukakaa. Nikafungua kamba na kuzifunga tena, polepole, mpaka pumzi zako zikatulia. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne uliitazama miguu yangu, ukatabasamu, ukakaa bila ya kuambiwa.

Mchana Bwana Angasi alimwona kwa darubini. Dume mkubwa, amelala chini ya mteremko na majike yake. Upepo ulitupiga usoni, ndivyo ulivyotakiwa uwe. Tukashuka kwenye kijito tukatambaa ndani yake, maji yakiniingilia shingoni na kutokea miguuni. Na wewe, mgonjwa wangu, ulikwenda mbele yangu kama mtu anayepita katika nyumba yake gizani, anajua kila kizingiti.

Tulipofika kwenye jiwe Bwana Angasi alitushikia mkono: basi. Mnyama aliyelala hapigwi, inabidi kungoja ainuke, na huenda akainuka baada ya dakika tano au baada ya saa mbili. Yeye akajisogeza mbele kidogo kutazama. Sisi tukabaki tumelala bega kwa bega, bunduki mbele yako. Mvua ilikuwa nyembamba hata haikuwa na sauti. Ng'ambo ya bonde dume mwengine alikuwa akinguruma, sauti nzito ya huzuni, kama mtu analia ndani ya pipa. Macho yalianza kunifumba.

Ukasema kwa kunong'ona, bila ya kunigeukia:

"Mwanangu, ile barua ya chuo. Nilikukosea."

Macho yakanifumbuka, nawe ukaendelea:

"Nilisema nnakukhofia wewe. Si kweli. Nilikuwa nnaikhofu nyumba bila ya wewe."

Baba, miaka minane nilikuwa nimejitayarisha. Maneno yangu niliyajua kwa moyo, niliyasema peke yangu jikoni, niliyasema ndani ya gari kwenye mzunguko wa barabara. Yote yalikuwa maneno ya kusemwa kwa sauti, na baada yake mlango upigwe kwa nguvu. Na pale hapakuwa na mlango. Sikuweza kupaza sauti, sikuweza kuinuka, hata kichwa sikuweza kukiinua, kwa sababu hatua mia na ishirini mbele yetu amelala mnyama uliyevuka bahari na ugonjwa wako kumfuata. Nikakizuia kilio. Kikakaa kifuani, kikapanda, kikatoka. Mguu wangu ukasukuma jiwe, jiwe likaviringika kwenye kijito.

Dume akainuka. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Maji yanamchuruzika ubavuni, mvuke unamtoka puani, anatutazama. Na wewe bunduki ilikuwa tayari begani. Wakati ulikuwa nao, Baba, nilikuwa pembeni yako, niliona. Midomo yako ilianza Bismillahi ikasita. Ukailaza bunduki kwenye majani, ukaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa baridi na umerowa, na ulikaa pale muda mrefu. Nilipotazama tena bonde lilikuwa tupu.

Bwana Angasi alirudi akauliza kimetokea nini. Ukamwambia upepo uligeuka. Yeye anausoma upepo ule tangu utotoni. Aliyatazama majani yaliyolala upande ule ule yalikolala tangu asubuhi, akanitazama mimi na macho yangu mekundu, akasema ndiyo, uligeuka. Tukanywa chai.

Na hapa Maskati uliwaeleza hivyo hivyo, msikitini, harusini, kila aliyekuuliza: tulimkosa kwa upepo.

Hukunidai jibu. Wiki ile tuliyorudi ulianza kushughulikia karatasi zangu, na mwaka wa pili nikaenda Glasgow kwa shahada ya pili. Kwenye uwanja wa ndege wa Sibu ulilishika sanduku langu mwenyewe ingawa daktari alikukataza kubeba, na Mama alikugombeza mpaka mlangoni.

Kaka alinipigia simu asubuhi, mwezi wa pili. Alisema utazikwa baada ya alasiri. Nilikuwa njiani, theluji nyepesi inaanguka, watu wananipita na mifuko yao. Nikasimama pale pale, nikajua hakuna ndege duniani itakayoniwahisha.

Nisikilize, Baba, maana hili ndilo gumu. Kwa muda mrefu niliichukia siku ile ya mlimani. Nilijiambia kwamba usingeniomba radhi ningekuwa Wattaya, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye kitanda chako. Ningekushika mkono. Uliniachilia, na malipo yake yakawa haya. Nilikukasirikia kwa kunikataza, kisha nikakukasirikia kwa kuniruhusu. Nisamehe.

Siku ya tatu Bwana Angasi alikuja kwangu Glasgow, kavaa suti nyeusi iliyombana mabega. Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kofia mkononi. Hakujua kwetu watu husema nini msibani, kwa hiyo alinieleza alichokuwa nacho. Siku yetu ya mwisho kule, mimi nikiwa ndani nafunga mizigo, mlisimama kwenye geti lake. Yeye alikusikitikia kwa kumkosa dume. Wewe ukamuuliza treni ya kutoka Glasgow inachukua muda gani kufika kwake, na kama mkewe atakubali kunipokea siku za Idi. Akasema chumba kilitengenezwa tangu wakati ule, na kwamba kiko.

Mimi mwenyewe ulikuwa hujaniuliza kama nataka kwenda.

Nililia mbele yake kama mtoto. Na Idi ile nilikwenda. Mkewe alikuwa kaniwekea msala na mshale wa karatasi ukutani kuonyesha kibla, na alikuwa kaupata sawasawa.

Sasa khabari za hapa. Nimemaliza, nimerudi, nashughulikia dawa za wodi ya watoto. Kaka kahamia Mabela, nyumba kubwa, na binti yake sasa anazungumza bila ya kupumzika, ungefurahi kumsikia. Hail imejaa majumba mpaka baharini. Mama anaendelea vizuri, magoti tu. Juzi tulikuwa tunakunywa chai, akasema ghafla, "Miaka kumi nilikuwa na mke mwenza na sijamwona uso. Nnataka kumwona kabla sijafa." Ndivyo anavyoiita ile milima yako, na nilidhani anatania. Kumbe keshamwambia Kaka akate tiketi mbili, mwezi wa kumi, na masweta yaliyo juani si kwa ajili ya kuondoa harufu. Lile la kijani analivaa yeye.

Kwa hiyo tunakwenda, Baba. Hatutawinda. Gari ya Bwana Angasi inafika mbali kidogo juu ya bonde, nitamkalisha Mama hapo na mablanketi.

Na lile neno lako. Siku ile sikukusamehe, sitaki kukudanganya wakati huu. Ilinichukua muda, na sijui hasa ilikuwa lini. Lakini nimekusamehe, hakijabaki kitu, na naomba na wewe uwe radhi nami kwa kukunyamazia.

Mola akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Nitakuombea kila sala, na nakuahidi hili pia: madume yatakapoanza kunguruma bondeni, nitamshika Mama mkono nimweleze yote, tangu barua mpaka jiwe. Hata yeye, mpaka leo, anaamini ulikuwa upepo.

Mwanao akupendaye,
Zuwena