Nani Aliua Kiwanda cha Kina Harold

Jumatatu, 2 Machi 1998

Basi, treni, basi tena. Kutoka Bladensburg mpaka Annandale, meno yakigongana kwa baridi ya Marekani. Mzee Harold ninayemtunza ameoga, amekunywa chai, ameanza hotuba. Ile ile. Alikuwa meneja wa kiwanda cha chuma cha serikali, kaskazini mwa Uingereza. Kiwanda kilikufa. Waliokiua, anasema, ni watu wa chama cha wafanyakazi. Migomo juu ya mishahara, migomo juu ya zamu, migomo hata juu ya chai. Na aliyeongoza migomo ni mdogo wake wa tumbo moja, Ronald. Hawajasemezana tangu lango lifungwe.

Daktari amemwambia binti yake, Linda, aliyemleta kukaa naye huku, kwamba moyo wa baba yake umechoka. Siku zake si nyingi.

Lakini kazi ninayo, nyumba ina joto, na mzee wa watu ananiita jina langu lote bila kulikatakata. Nashukuru.

Jumatano, 4 Machi

Simu imelia Linda akiwa kazini. Ronald, kutoka Uingereza. Amesikia kaka yake ameanguka bafuni. Nimemweleza mguu ulivyovimba. Akashusha pumzi, akasema maskini, kisha akakata. Nikaenda kumwambia Mzee: ndugu yako anasema sorry.

Akaniuliza tena. Amesema hivyo? Nikasema ndiyo. Akalia. Mtu mzima, machozi mpaka shingoni. Sikuelewa, ila nilifurahi naye. Kabla sijaondoka alikuwa ameshampigia mwenyewe. Akamwambia njoo, basi. Hakuongeza neno.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya kanisa nimemsimulia Mama Furaha, Mkongo ninayekaa naye. Nilidhani atapiga vigelegele. Akaweka mwiko chini.

"Dada, umefanya erreur, kosa kubwa! Sorry ya wazungu iko pardon, ya kuomba msamaha. Haiko pole."

Chakula kimenishinda. Ronald alimpa kaka yake pole ya mguu. Mzee akapokea msamaha wa kiwanda kizima. Kwetu ukijikwaa, hata mpita njia anakupa pole, na hakuna anayemuuliza kama ndiye aliyeliweka jiwe. Nikaichukua pole yetu nikaivisha Kizungu. Mjinga mimi. Na Ronald anafika Alhamisi.

Jumanne, 10 Machi

Nilikwenda nimejipanga kusema. Mzee anataka kunyolewa. Anataka shati la bluu lipigwe pasi. Anapiga mluzi! Nimemeza maneno yangu. Mwoga wa kutupwa.

Nikipiga pasi nimemkumbuka baba. Kiwanda cha sukari cha serikali kilipomrudisha nyumbani, watu walijua nani alikuwa akila, nani alikuwa akilala kazini, na wakubwa gani wa Nairobi walijaza mashemeji ofisini. Baba hakumlaumu mtu. Alikaa tu akitazama ukuta, na hakuna aliyeweza kumfikia. Afadhali hasira ya Harold. Hasira angalau inamtafuta mtu.

Alhamisi, 12 Machi

Kumbe Ronald ni mfupi, na masikio ni ya kaka yake kabisa. Hata koti hajavua, Mzee akamwambia amemsamehe. Ronald akashangaa. Amemsamehe nini?

Nikasema yote. Pole, sorry, mguu. Kosa ni langu, wao hawamo.

Mzee akawa mwekundu. Akaniamuru nimwitie Ronald teksi. Ronald akavua koti, akaketi. Akasema hakupanda ndege aje asamehewe na meneja aliyeng'ang'ania tanuri za enzi za babu yao huku Wajerumani wakinunua mpya. Mzee akafoka kwamba hela za tanuri aliziomba, serikali ikamnyima. Ronald akafoka zaidi: mbona hukutuambia siku zile? Tungegoma pamoja nawe! Mzee akasema meneja hagomi. Wakageukia mawaziri. Kila uchaguzi waziri mpya, kila waziri mpango mpya, na bei ya chuma ikibanwa London ili wapiga kura wafurahi. Hapo wakakubaliana kidogo. Kisha wakakumbuka migomo, moto ukawaka upya.

Linda akarudi akasimama mlangoni, mkoba begani. Nikamweleza na yeye. Nilijua nafukuzwa. Akawasikiliza kidogo wazee wakigombana, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nimeshukuru njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumamosi, 14 Machi

Ronald amesogeza tarehe ya kurudi.

Hakuna aliyeomba msamaha. Mzee amemaliza sahani ya viazi huku akimwita mdogo wake mwongo. Ronald amenipokonya dawa, akampaka mguuni mwenyewe, polepole, akimfafanulia kwa nini mgomo wa mwisho ulikuwa wa haki. Mzee hakukubali hata neno moja. Mguu hakuuvuta.

Jioni Ronald amesinzia kitini, mdomo wazi. Nilitaka kumwamsha aende kitandani. Mzee akaniinulia kidole.

"Mwache alale," akanong'ona. "Bado sijamaliza naye."

Nimewafunika wote wawili. Asante, Bwana, hata kwa mdomo wangu wa haraka. Waongezee siku za kugombana.