Meza ya Watu Wanane

Jumapili, 3 Mei

Sijaandika tangu Pasaka. Niwie radhi, daftari, sina udhuru.

Uji chumbani, kama kila asubuhi. Mkwe wangu Baraka anakula jikoni. Akitoka, naingia kuosha kikombe. Tunaishi nyumba moja hapa Lidcombe, ugenini, na hajawahi kuniona nikitafuna. Kwetu Tabora ndivyo ilivyo kati ya mama na mume wa bintiye, mpaka mkwe alete zawadi na mama aipokee. Hakuleta. Sikudai.

Safari ya Ufaransa ni Septemba. Binti yangu Neema na mimi, pamoja na wengine sita. Nyumba ya shambani, mpishi mmoja. Asubuhi sokoni, mchana kupika, jioni kula tulichopika. Nimepikia watu tangu utotoni. Sasa nataka kufundishwa. Naitaka safari hii kuliko ninavyowaambia.

Jumatano, 6 Mei

Neema ni mjamzito. Namshukuru Mungu. Daktari amemkataza kupanda ndege Septemba. Nafasi yake amempa Baraka bila kuniuliza. Magoti yangu hayaaminiki, hataki niende peke yangu. Nimekasirika.

Mwenye safari, yule anayetuandalia, aliniuliza vyakula nisivyokula. Nilijibu hakuna. Hakuuliza ni nani nisiyekula naye.

Jumamosi, 9 Mei

Wasafiri tulikutana Auburn, mtaa wa jirani, nyumbani kwa mwenye safari, kupika supu ya vitunguu na kufahamiana. Neema alitusindikiza. Meza moja ndefu. Niliketi. Baraka akachukua bakuli lake, akatoka kibarazani. Mvua ilikuwa inanyesha. Mstaafu mmoja wa reli akauliza kama tumegombana. Nikasema la. Hakuamini.

Mwenye safari alisema kwa upole kwamba kule hakuna meza ya pili. Asiyeweza kuketi na wenzake aseme kabla ya Ijumaa.

Supu ilikuwa nzuri. Sikuimaliza.

Kwenye treni Neema alicheka. "Mama, mwanamume mzima anakimbilia mvuani kwa kukuogopa?"

"Haniogopi. Ananiheshimu."

"Basi heshima yenu imelowa."

Jumapili, 10 Mei

Baraka ana mafua. Ni kwa sababu yangu. Sipendi.

Baada ya ibada Neema aliniletea vitenge viwili vilivyokunjwa. "Mkweo anakuamkia, shikamoo. Anasema alipaswa kuvileta siku ya harusi, ila Baba alikuwa ameshafariki, hakujua amkabidhi nani akuletee."

Nikivipokea, tutakula pamoja maisha yote. Nikivirudisha, hatuendi.

Mama yangu alivirudisha vya marehemu mume wangu. Mama alikufa bila kula naye hata mara moja. Wakati ule niliona ni sawa.

Jumanne, 12 Mei

Vitenge viko kitini. Sijavikunjua. Sijavirudisha.

Jioni nimekula chumbani, wali na maharage. Baraka alikuwa jikoni, akipenga kamasi. Mlango sikuufunga. Nilisikia kijiko chake. Bila shaka naye alisikia changu.

Nitaandika nikishaamua.