Niliizima Mashine Iliyokuwa Hai, na Mzee Javan Akabebeshwa Lawama

Mpendwa Mshauri Eddah,

Naomba msaada wako, ingawa kila ninaposoma upya sentensi hii nashindwa kujua kama ninachokuomba ni msaada kweli au ni ruhusa ya kuendelea kunyamaza.

Nina umri wa miaka thelathini na minne, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na kwa miaka sita nimekuwa msimamizi wa mifumo katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Eldoret ambayo sitaitaja. Mfumo wa maabara yetu unaendeshwa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe, inayoishi ndani ya seva kubwa iliyofungiwa chumbani. Haina kioo wala kibodi ya kugusa, na anayetaka kuiona hufungua kivinjari popote alipo, akaingiza nenosiri, kisha akafungua dirisha liitwalo konsoli, ambalo humwonyesha kile ambacho angekiona kama angekuwa ameketi mbele yake.

Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, nilikuwa Kesses, nje ya mji, ambako huwa nafundisha wanafunzi wa chuo saa chache kwa ruhusa ya mwajiri wangu, na mnamo saa tisa alasiri stima ilipotea mjini, jenereta la hospitali likawaka, na dakika chache baadaye nikapigiwa simu na Ciku wa maabara.

"Madam, system imegoma kabisa. Kuna mama anavuja damu huko maternity, wanataka damu, na mimi sioni majibu yake."

"Ngoja, naingia sasa hivi."

"Usiniambie ngoja! Nurse amesimama hapa mlangoni ananiangalia kama mwizi."

Nikafungua kompyuta yangu katika darasa tupu, na kivinjari kikanikatalia kwa onyo kwamba cheti cha usalama hakiaminiki, nikalikubali onyo la ukurasa wa kwanza bila kukumbuka kwamba konsoli ina mlango wake na onyo lake, nikapoteza dakika nne nikizunguka hapo hapo huku Ciku akiniita kwenye simu, na dirisha lilipofunguka hatimaye lilikuwa jeusi tupu, bila herufi hata moja, nami nikahitimisha kwamba mashine imekufa. Juu ya dirisha hilo kuna kitufe cha kutuma Control, Alt na Delete, vile vitatu ambavyo sisi tuliojifunzia kompyuta kwenye cyber za mjini tulibonyeza kila kitu kilipoganda, na mkono wangu ukaenda hapo kabla ya akili. Nilibonyeza, sikuona kitu, nikabonyeza tena, tena, tena, haraka haraka. Kisha kioo kikawaka, maandishi ya kuanza upya yakashuka, na nakiri kwamba kwa muda nilijisikia kama mtu aliyefufua maiti.

Mfumo haukurudi. Hifadhi ya majibu ilikuwa imeharibika, na nakala iliyokuwepo ilikuwa ya alfajiri, kwa hiyo kila kilichopimwa tangu asubuhi kilikuwa kimepotea. Mama yule aliitwa Wamucii, alikuwa ametoka Ainabkoi, na damu yake ilikuwa imelinganishwa asubuhi hiyo na painti mbili kutengwa kwa jina lake, lakini maabara haitoi damu bila majibu yaliyothibitishwa kwenye mfumo, na daftari la karatasi tuliliacha mwaka uliopita kwa pendekezo langu mimi. Ikabidi achukuliwe sampuli nyingine na kazi ianze upya. Damu ilimfikia saa kumi na dakika tano. Alifariki saa kumi na dakika arobaini. Mtoto yuko hai.

Jioni hiyo mkurugenzi alitaka ripoti, nami nikaandika kwa uangalifu niliofundishwa, nikaorodhesha yote yaliyowezekana, na katika ukurasa wa pili nikaandika: "Hitilafu ya umeme haiwezi kuondolewa miongoni mwa vyanzo." Wakati naandika niliamini hivyo, au nadhani niliamini. Kamati ya hospitali haikusoma zaidi ya hapo. Anayesimamia jenereta ni Mzee Javan, mtu wa miaka hamsini na tisa, na kesho yake alipewa barua ya kukaa nyumbani hadi atakaposikilizwa.

Siku tatu baadaye nilisoma kumbukumbu za mashine, yaani orodha ambayo mashine huandika yenyewe ya kila kilichoipata. Mashine haikuwahi kukosa umeme, kwa sababu seva ina betri zake. Ilikuwa imefanya kazi siku mia mbili na kumi na moja mfululizo hadi saa tisa na dakika kumi na mbili, ilipopokea vitufe vile vitatu zaidi ya mara saba ndani ya sekunde mbili, jambo ambalo kwa mashine ya aina hiyo ni amri ya kujizima na kuanza upya papo hapo bila kungoja kazi iliyo mkononi. Kilichokuwa kimekwama ni kifaa kidogo cha mtandao pale maabara, ambacho kilikuwa kinajiwasha upya na kingemaliza baada ya dakika tano. Nikaunda mashine nyingine ya majaribio, nikaiacha nusu saa, nikafungua konsoli yake. Jeusi tupu. Nikabonyeza Shift mara moja, na maandishi yote yakatokea. Kioo huzimwa tu kisipotumika, Mshauri. Nilijua hilo. Nimewahi kulifundisha.

Mzee Javan alinifuata nje ya lango la hospitali wiki iliyopita, amevaa koti la kanisani.

"Madam, hiyo generator naijua kuliko navyomjua mama watoto. Stima ilipopotea, iliwaka ndani ya sekunde kumi na moja. Lakini wewe ndiye umesoma. Niambie tu mahali nilikosea, ili siku ya kamati nisionekane mjinga."

Nilimwambia, "Mzee, tungoje kamati." Akanishukuru.

Mwenzangu wa ofisini, Kimutai, ndiye pekee niliyemweleza, akacheka bila furaha. "Wewe wacha maneno. Hizo logs nani atasoma kama hujamwonyesha? Siku thelathini zikiisha zinajifuta zenyewe. Hata huhitaji kudanganya."

Kamati inaketi Ijumaa hii. Kumbukumbu zitajifuta wiki ijayo. Najiuliza kama nina haki ya kusema kwamba nilisababisha kifo, maana daktari mmoja aliniambia kwamba kwa jinsi alivyokuwa akivuja huenda asingepona hata damu ingefika mapema. Najiuliza kama hifadhi haikuwa na kasoro yake ya zamani. Najiuliza kama nikisema, familia ya Wamucii itapewa uhakika ambao mimi mwenyewe sina, na kama huko si kuwaongezea uchungu ili mimi nipate nafuu. Tena najiuliza kama maswali haya yote ni ya kweli, au nayatunga kwa sababu najua kuyatunga. Nifanyeje?

Msimamizi wa Mifumo,
Eldoret.

*

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nakupa pole ya kweli, kwa sababu najua hulali vizuri na hustahili kuchekwa. Mkono wako ulikwenda pale ambapo mikono ya wengi wetu ingekwenda, mtu akikupigia kelele sikioni na mgonjwa akifa upande wa pili wa simu. Hilo ni kosa la kazi, la haraka na la hofu. Silo ninalokugombeza.

Ninalokugombeza ni la siku ya tatu. Hadi hapo ulikuwa hujui. Baada ya kusoma zile kumbukumbu ukajua, na tangu siku hiyo Mzee Javan anakaa nyumbani kwa sababu yako, si kwa sababu ya stima. Yeye alikufuata langoni akakuuliza swali lenye jibu, na jibu ulikuwa nalo kwenye mkoba wako. Ukamwambia angoje. Dada, hapo hukuwa na shaka yoyote. Hapo ulijua.

Umenipa maswali manne mazuri. Mimi pia nimesoma, nayajua maswali ya namna hiyo, na sitajifanya kuwa na majibu. Sijui kama Wamucii angepona. Wewe hujui, daktari hajui. Lakini tazama ulivyoyapanga: swali lisilojibika la kifo umeliweka mbele, na nyuma yake umelificha swali dogo lenye jibu, nani aliizima mashine. Kamati haitakuuliza kuhusu mapenzi ya Mungu. Itamuuliza mzee mmoja kuhusu jenereta, naye hatakuwa na la kusema, kwa sababu jenereta halikukosa.

Kuhusu Kimutai, ni kweli kwamba huhitaji kudanganya. Unahitaji tu kukaa kimya siku chache, na mashine itakudanganyia. Ukiiachia kazi hiyo, usije kuniandikia tena kuhusu uangalifu uliofundishwa.

Nilikutumia ujumbe kuuliza kama nibadilishe mji, saa na kazi yako kabla ya kuchapisha, kwa sababu yeyote wa hospitali yenu akisoma ukurasa huu atakutambua. Ulinijibu neno moja: "Acha," yaani nisibadilishe kitu. Nadhani basi unajua unachotaka kufanya na unaogopa tu kukifanya peke yako. Huenda nimekusoma vibaya. Kama nimekusoma vizuri, fanya hivi.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Leo hii, kabla ya chakula cha mchana, hifadhi nakala ya zile kumbukumbu mahali ambapo huwezi kuzifuta wewe wala mtu mwingine, na nakala ya pili umpe mtu wa nje ya idara yenu, wa ukaguzi au wa sheria, akutilie sahihi kwamba amepokea. Usimpe Kimutai.

Kisha andika ripoti mpya. Ukurasa mmoja. Usianze na umeme, usianze na cheti cha usalama, usianze na mtandao. Anza na neno "Niliizima". Weka saa na dakika, andika ulichokiona kwenye kioo na ulichokibonyeza. Andika kwamba umeme wa seva haukukatika na kwamba jenereta lilifanya kazi yake. Mashaka yako kuhusu kifo yaweke katika aya ya mwisho, kwa sababu nayo ni ya kweli, lakini yasitangulie. Uipeleke mwenyewe kwa mkurugenzi, usitume kwa barua pepe, na nakala yako igongwe muhuri. Kabla ya kutia sahihi, tafuta wakili umwonyeshe. Atakwambia mambo ya kukulinda, nawe una haki ya kulindwa. Msikilize kwa kila jambo, ila akikushauri umwache Mzee Javan asimame badala yako, mshukuru utoke.

Alhamisi nenda nyumbani kwa Mzee Javan. Usimpigie simu. Mwambie mbele ya mkewe, kwa maneno ambayo hayahitaji shahada, kwamba kosa ni lako na ulilijua. Anaweza kukukaribisha chai, anaweza kukufukuza. Yote mawili ni haki yake. Usilie ukamlazimisha akubembeleze.

Kuhusu watu wa Wamucii, usiende Ainabkoi kesho ukiwa peke yako na moyo umejaa. Hilo ndilo swali lako moja ambalo halikuwa kisingizio: ukienda hivyo, utakuwa umekwenda kwa ajili yako. Itake hospitali, kwa maandishi, iwaeleze yaliyotokea pamoja na kile kisichojulikana, na uombe uwepo siku hiyo. Wakikuuliza, jibu. Wasipotaka kukuona, kaa mbali.

Na daftari la karatasi lirudi maabara wiki hii, hata kama ni wewe uliyeliondoa. Bandika pia karatasi mahali wenzako wote wataiona: konsoli ikiwa nyeusi, bonyeza Shift mara moja, ngoja, kisha mpigie aliye maabara akuangalizie mtandao kabla ya kugusa kingine chochote. Haitamsaidia Wamucii. Itamsaidia mwingine.

Inawezekana utafutwa kazi. Inawezekana kukawa na kesi. Sitakudanganya kwamba utajisikia mwepesi baada ya haya, sijui kama utajisikia hivyo, na sikushauri ulifanye kwa sababu hiyo. Ijumaa asubuhi mtu mmoja ataketi mbele ya kamati hiyo ajibu kuhusu saa tisa na dakika kumi na mbili. Fika mapema, uketi kwenye kiti hicho kabla hajaitwa.

Mshauri Eddah