Kilio cha Pili cha Baba

Kisesa

Kaka Chenge,

Shikamoo. Mguu wa Mama umepungua kuvimba, na mpunga ndege wametuachia kidogo. Umeuliza kama tulisikiliza kile kipindi cha redio cha Vita vya Kagera. Tulikisikiliza, na nilitamani kukizima.

Watu wa redio walikuja kumrekodi Baba hapa hapa uani. Akawasimulia jinsi rafiki yake Pius alivyomfia mikononi kule vitani. Akalia. Baba yetu huyu, ambaye hata msiba wa Bibi haukumtoa chozi! Mtangazaji akasubiri amalize, kisha akasema, "Mzee, upepo umeingia kwenye maiki. Hebu rudia pale pa kulia."

Baba akasimama wima kama yuko kwenye gwaride. "Ndiyo, afande." Akakaa, akalia tena.

Kilio ulichokisikia huko Dodoma ni hicho cha pili. Majirani wanampa hongera, eti amewaliza. Mimi hata kuiwasha ile redio naona kinyaa.

Jana tukiwa tunakula, Mama alimtaja Pius. Baba akaweka tonge chini, akamuuliza, "Nilie?"

Mdogo wako,
Teodora