Anayemwita Yumna

Msuka, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Haroub,

Assalaam alaykum. Waionaje baridi ya Dublin? Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu, isipokuwa mwanangu Yumna. Nakuandikia barua kwenye simu, kwa sababu kwa sauti sitaweza.

Ameshikwa mara tatu tangu mwezi uliopita. Mwili hukakamaa, kisha hutikisika wote. Daktari wa Wete amesema ni kifafa, akampa vidonge. Hilo nimelimeza. Lisilomezeka ni hili: kabla hajaanguka hugeuza uso upande wa kushoto, akasema, "Mama, naitwa."

Marehemu mdogo wetu Laila alikuwa akisema neno hilo hilo. Na Yumna sijamhadithia hata siku moja kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa ana miaka tisa. Mama mkwe anasema Laila amerudi kutafuta mwenziwe. Weye ndiyo masomo yako hayo. Niambie.

Dada yako,
Siti

Dublin, 9 Februari 2024

Dada Siti,

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Barua yako nimeisomea maabara, kazi ikanishinda.

Hakuna anayemwita. Kifafa huanzia mahali pamoja katika ubongo kabla hakijaenea, na kikianzia panapotambua sauti, mtoto husikia sauti. Kifafa kingine hutembea katika ukoo, basi si ajabu Yumna kufanana na Laila.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini huku. Kila chembe ya mwili ina maagizo inayoyasoma ili ifanye kazi yake. Kuna vipande vidogo mno viitwavyo mikroRNA, na kazi yao ni kuyanyamazisha baadhi ya maagizo hayo. Kwa wenye kifafa tumeviona vingine vimezidi, na huenda vinanyamazisha yale ambayo yangeutuliza ubongo. Vipande hivyo hupatikana hadi kwenye damu. Tunavipima tukitumaini kwamba siku moja tone moja litatuonya mapema.

Damu za watoto hutufikia katika vichupa vyenye namba, bila majina. Leo nilishika kimoja: msichana, miaka tisa. Nikakirudisha mahali pake.

Vidonge usiviache.

Mdogo wako,
Haroub

Msuka, 6 Machi 2024

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo. Yumna anakusalimu.

Vidonge nimeviacha, wiki ya pili hii. Vilimlegeza, akawa analala darasani, na mama mkwe amempata mtu wa kumpunga pepo. Usinikemee. Nimesoma kwenye simu kwamba ipo dawa ya kuvizuia hivyo vipande vyenu. Nitumie hiyo.

Jana kasema tena, "Naitwa," na safari hii alikuwa anacheka. Nikajikuta naugeukia ule upande wa kushoto, nauliza: "Laila, ndiye weye?"

Dada yako,
Siti

Dublin, 7 Machi 2024

Dada yangu Siti,

Salamu zitangulie, ingawa nina haraka. Dawa hiyo imewatuliza panya. Panya, Siti! Kwa Yumna sijui ingefanya nini, wala hakuna ajuaye. Mrudishe kliniki leo, mwambie daktari vidonge vinamlegeza, atarekebisha kipimo. Haviachwi ghafla. Akishikwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, utazame saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Na usimwache peke yake.

Laila hakuchukuliwa na jini kama walivyosema watu. Tulikuwa tunaokota chaza, bahari imekupwa. Alianguka kifudifudi, na maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Nilikuwa na miaka kumi, nimeshaambiwa ukiligusa povu lake nawe unashikwa. Nyumbani nilisema nilikimbia kuita watu. Sikukimbia. Nilisimama nyuma ya jiwe mpaka alipotulia. Mkono mmoja ungetosha kumgeuza.

Haroub

Dublin, 20 Aprili 2024

Dada,

Assalaam alaykum. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, na shemeji Jecha hapokei simu. Niambie tu kama Yumna yupo. Mimi unaweza kuninyima salamu.

Haroub

Msuka, 12 Mei 2024

Mdogo wangu Haroub,

Waalaykum salaam. Yumna yupo.

Barua yako ilipofika sikwenda kliniki. Nilikasirika. Siku ya tatu yake, mchana, mwana akashikwa uani. Mama mkwe akarudi nyuma, majirani wakajibanza ukutani. Nami nikasimama nao. Sijui kwa muda gani. Kisha nikauona uso wake umezama mchangani, nikamwendea, nikamlaza ubavu. Dakika tano zikapita. Zikapita kumi. Jecha akapata gari. Wete tulikaa siku kumi na mbili.

Amerudi na vidonge vingine na ulimi mzito, na jina lake hajui tena kulisoma. Tunaanza upya, herufi kwa herufi. Bado husema anaitwa. Siangalii kushoto. Namlaza, nakaa.

Siku ile Laila alipokufa nilikuwa njiani, natoka kisimani na ndoo yangu. Njia ya pwani ni moja, na hukupita. Miaka ishirini na sita nimejua, nikangoja useme, nikiamini kwamba ukisema nitakuchukia. Sasa umesema, nami nimeshasimama ukutani.

Juzi mwalimu wake, Bi Theopista, aliniita shule niwaeleze wenziwe. Nilimlaza mmoja sakafuni, nikawafundisha kumgeuza, wote arobaini, wawili wawili. Kitoto kimoja kikaniuliza, "Na mtu akiogopa, Bi Siti?"

Nikamwambia, "Aogope akiwa kamshika."

Dada yako,
Siti