Ng'ombe Walitoka Zizi la Nani?

Oslo, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Uipokee kana kwamba nimeinama mlangoni kwako, maana huku sina wa kumwamkia. Watu wa hapa wakikutana asubuhi wanatikisa kichwa kama mbuzi waliopishana njiani, basi, wameshasalimiana.

Habari za Susuni? Mguu unakusumbua bado? Mahindi ya kule bondeni yalipona ile mvua ya mawe? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani, narudi. Ukiona mwandiko umepinda, jua ndipo niliposimama.

Wifi yangu Nyangi, wewe unayemsomea Mama, nawe nakusalimu. Nina ombi: usiruke mstari. Najua tabia yako. Nilipoandika kwamba nimefanyiwa upasuaji, ulimsomea Mama kuwa nilikwenda hospitali kutazama wagonjwa! Safari hii kuna maneno yanayomhusu mwanao Matiko. Soma yote, pamoja na yale yatakayokuchoma.

Mama, katika barua yako ulisema mikono inacheza, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na kinywani kuna ladha kama umelamba jembe. Ukamalizia, "Ni uzee tu, mwanangu." Kisha, kwenye ukurasa huohuo, ukanieleza kwa furaha kwamba Matiko siku hizi anachomea dhahabu jikoni kwako, kwa kuwa nje upepo unamzimia moto na macho ya watu ni mengi tangu dhahabu iwatie wazimu. Uliyaandika mambo hayo mawili kama vile hayajuani. Yanajuana, Mama. Ule moshi usioonekana, unaotoka zebaki inapochomwa ili dhahabu ibaki peke yake, ndio unaoingia kwenye mapafu na kuchezesha mikono. Uzee ninaujua. Bibi alikufa mzee sana, na mpaka mwisho alikuwa akitunga shanga.

Sasa nikueleze yaliyonipata kazini, kwa sababu ni jambo hilohilo.

Kazi yangu, ile uliyoicheka, ni kutafuta wasomi wa kubishana na wasomi wenzao. Ofisi yetu imeandikiwa taarifa ndefu kuhusu madhara ya zebaki kwa afya ya watu. Haiwezi kutolewa hivihivi. Lazima kwanza ipitiwe na wataalamu wengine, wahakiki, ambao hawakuiandika na hawana faida wala hasara ndani yake. Waikune, waipekue, waseme hapa mmesema kweli, hapa mmebahatisha. Nyumbani tunalijua jambo hili: aliyekula nyama ya mwenye kesi hakai barazani kuamua kesi hiyo. Taarifa ikipita, serikali nyingi zitaifuata, na yetu ikiwamo.

Basi mimi na wenzangu tulikaa kuwateua wahakiki. Mama, ungeona majina yale! Huyu anaijua zebaki iliyo ndani ya samaki wa bahari ya baridi. Yule anaijua zebaki ya viwanda vyenye mafeni makubwa kama mlango wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama ndani ya jiko lenye mlango mmoja huku donge la zebaki na dhahabu likichomwa juu ya makaa. Nikapiga kelele. Unanijua. Nikawaambia, mnapima hatari ya moto kwa kuwauliza watu wanaouza majiko ya umeme.

Kelele zangu zilizaa kitu. Nilimpata Daktari Ryoba, mtu wa Busawe kule Serengeti. Ametibu wachimbaji na wake zao miaka mingi, na ameandika kwa makini aliyoyaona: mikono, ufizi, hasira zisizo na sababu, watoto wanaochelewa kutembea. Ilibaki nafasi moja tu, na waliogombea walikuwa wawili: Ryoba, na Profesa mmoja wa huku ambaye jina lake silitaji kwa kuwa sitaki lisomwe jikoni kwako.

Huyo Profesa ameandika kwamba moshi wa zebaki vijijini hauna madhara makubwa, kwani nyumba za Kiafrika zinapitisha hewa. Zinapitisha hewa! Ningependa aje alale kwako mwezi wa nne, mvua inapiga, mlango umefungwa na mbuzi wako ndani. Lakini ubishi huo ningemwachia Ryoba. Kilichonichoma mimi ni pale Profesa alipojaza kwenye fomu kwamba hana uhusiano wowote na wauza kemikali.

"Utafiti wake ulilipiwa na nani?" nikauliza.

Mwenyekiti wetu, Bwana Henrik, mzee mpole anayeongea kama mtu anayemenya yai, akajibu, "Mfuko wa elimu."

"Na mfuko huo unajazwa na nani?"

"Umoja wa wafanyabiashara wa kemikali. Lakini mfuko una bodi yake na jina lake. Kisheria ni vitu viwili, Robi."

"Hiyo ni sheria ya kwenu," nikasema. "Nipe nafasi nikueleze ya kwetu."

Mama, nikawasimulia nyumba yetu. Nikawaambia mama yangu alizaa mabinti wawili, mimi na dada yangu Bhoke, hakuzaa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya nyumba haifi kwa sababu hiyo. Mama alitoa ng'ombe kwenye zizi lake mwenyewe, akaoa binti, akamleta nyumbani awe mke wa nyumba ile, kama vile yuko mwana wa kiume aliyeoa. Sisi tunaita nyumba ntobhu. Binti yule akazaa. Mwanamume aliyempa mimba ni nani? Hakuna anayeuliza, na akijitokeza kudai mtoto atafukuzwa kwa fimbo. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Anamwita mama yangu bibi, mimi ananiita shangazi, na atarithi shamba.

Dada mmoja aitwaye Ingrid, ambaye tunakaa naye ofisi moja na ambaye hacheki ovyo, akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo," nikasema, "kwetu mtoto hatumtambui kwa pua wala kwa jina. Tunauliza swali moja: ng'ombe walitoka zizi la nani? Sasa nauliza juu ya utafiti wa Profesa. Mfuko ndio uliotia mimba, sawa. Lakini ng'ombe walitoka zizi la nani?"

Ingrid akaangua kicheko, akajifunika mdomo. Wengine wakatazamana. Nikajiona nimeshinda, Mama, nikaegemea kiti kama mtu aliyerudi na ng'ombe wa watu.

Ndipo Bwana Henrik akavua miwani. "Ni kanuni nzuri," akasema taratibu. "Nafikiri ni bora kuliko yetu. Basi tuitumie kwa kila mtu aliye mezani. Robi, huyo mtoto wa nyumba yenu anafanya kazi gani?"

Sijui kama aliuliza kwa ujanja au kwa haki tu. Mpaka leo nikimtazama usoni sijui.

Wifi, hapa koo lisikukauke. Matiko anavusha zebaki kutoka kwa ndugu zetu wa Migori, ng'ambo ya mpaka, anaipitisha njia za panya karibu na Sirari, anawauzia wachimbaji katika vichupa vya dawa, na wasio na pa kuchomea anawachomea. Hilo unalijua, na kijiji kinalijua. Oslo hakuna aliyelijua. Kwenye karatasi zangu za ajira nina mama mmoja, marehemu baba mmoja, dada mmoja. Sina kaka, kwa hiyo sina mtoto wa kaka. Ningesema, "Hana kazi," au ningesema, "Huyo si ndugu yangu kwa damu," na ingekuwa kweli kabisa kwa vipimo vyao. Ningebaki mezani. Na Ryoba alihitaji nibaki, maana zaidi yangu mimi hakuna aliyekuwa ameahidi kumuunga mkono.

Nitakuambia kilichonizuia. Nilizisikia sauti za baba zetu wadogo siku ile ya kesi ya shamba, walipotaka kumnyima Matiko urithi: "Huyu mura, kijana huyu, si damu yetu. Ametoka wapi huyu?" Nakumbuka ulivyosimama, Mama, ukawauliza walikuwa wapi ulipokuwa ukifungua zizi. Ningewezaje kusema Oslo maneno yaleyale uliyoyakataa Susuni? Tena kwa ajili ya kiti?

Nikasema, "Anauza zebaki."

"Basi ni wa nyumba yako," akasema Bwana Henrik.

"Ni wa nyumba yangu."

"Pole," akasema, na nadhani alimaanisha. Akanionyesha mlango kwa mkono.

Nikatoka. Kule kwenye ukumbi nilitembea nikarudi, nikatembea nikarudi, nikayasoma matangazo yote ya ukutani, hata la namna ya kunawa mikono. Nilijitukana kwa Kikurya kwa sauti, kwa kuwa ndiyo raha pekee ya kukaa ugenini. Nilifikiri: mwanamke mpumbavu wewe, umeuchonga mkuki ukajisimika juu yake, na sasa Profesa ataingia, atasema hewa inapita, na serikali yetu itamsikiliza.

Ingrid akatoka hatimaye.

"Profesa ametolewa," akasema. "Wameikubali kanuni ya ng'ombe. Henrik ameiandika kwenye kumbukumbu, ila neno zizi limemshinda."

"Na Ryoba?"

"Ameingia. Mimi ndiye niliyemtetea." Akanitazama. "Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Nilisoma alichoandika juu ya wale watoto. Lakini sikiliza: hutaigusa kazi ya zebaki tena, na hutampigia Daktari simu mpaka amalize."

"Nami nitafanya nini?"

"Rangi za ukutani."

Basi, Mama, mwanao aliyekuwa akibweka juu ya zebaki sasa anatafuta wasomi wa rangi za ukutani. Cheka, nimekuruhusu.

Unaweza kudhani nimetulia kwa kuwa Ryoba ameingia. Sijatulia hata kidogo. Uhakiki huu utachukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Wataulizana, watajibizana, mmoja ataomba muda, mwingine ataugua. Kisha mawaziri watakaa. Wakati wote huo wenye biashara watasema neno lao wanalolipenda: ushahidi bado hautoshi. Haumtoshi nani? Aliyelala Oslo kwenye shuka safi, au mama anayemwaga chai? Mimi nawatetea wataalamu, nimekula ugali wao na nimewapigania. Lakini ukaguzi wa wataalamu ni wa kuzibana serikali na wafanyabiashara. Haukuwekwa ili wewe ukae kuusubiri.

Wala simbebeshi Matiko lawama zote. Amesoma hadi kidato cha nne, shamba ni dogo na baba zetu wadogo wanalitolea macho. Machimbo makubwa yamezungushiwa ua, na vijana wetu wamebaki kuokota mawe yaliyokataliwa. Wanaoileta zebaki kwa madebe hawajulikani, ila anayeiuza kwa vichupa kila mtu anamjua jina. Ningekuwa na umri wake na kichwa changu hiki kikali, huenda ningeuza pia. Lakini ningejali ninachomea wapi.

Nakuomba hivi. Kesho asubuhi nenda hospitali pale Tarime mjini. Daktari akisema ni uzee, mwambie, "Nyumbani kwangu inachomwa zebaki." Litamke neno hilo kabla hajakupa panado. Sufuria lililotumika kuchomea lisipikiwe tena chochote, wala lisipewe jirani. Litobolewe lizikwe mbali na kisima. Kisha uende Machochwe kwa dada Bhoke ukae huko mpaka jiko lisafishwe, kuta na vumbi la chini pia. Najua utasema nani atakamua ng'ombe. Nyangi atakamua. Nyangi naye asilale jikoni, na mtoto yeyote wa jirani asiote moto humo.

Nisalimie mchungaji wetu, umwambie maombi yake ya kunipatia upole bado hayajajibiwa. Msalimie shemeji yangu wa Machochwe, mume wa Bhoke, na asikutume shambani ukiwa mgeni kwake. Wasalimie mama wakubwa wa Migori, na uwaambie nawapenda ila biashara yao na Matiko inatuua. Baba wadogo nao wasalimie. Nimesema wasalimie, sikusema uwape chai.

Na Matiko mwenyewe, wifi, muite sasa hivi asikie kwa masikio yake. Matiko, niliulizwa wewe ni wa nani mbele ya watu wasiokujua, nikajibu wewe ni wetu. Sikukujibia hivyo ili unishukuru. Nilikujibia hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtoto wa nyumba anaweza kuamriwa, mgeni hawezi. Basi mimi shangazi yako nakuamuru: toa moto wako jikoni kwa bibi yako leo, kabla mama yako hajaikunja barua hii.

Ni mimi mwanao, mkali wako, niliye mbali kwa miguu tu,

Robi